Kiwanja kipo, mkandarasi yupo: kweli tunahitaji mhandisi wa mchakato?

Mchunga
Wakuu salaam. Tuko watatu, tunajenga kiwanda cha kusindika maziwa, lita 5,000 kwa saa. Mkandarasi anataka kuanza msingi, na muuza mashine ameahidi michoro ya bure. Mwenzetu mmoja kakomaa: tumlipe kwanza mhandisi wa mchakato, yule anayesanifu mtiririko mzima wa kiwanda, kazi ya makaratasi tupu kabla hata tofali halijawekwa. Mimi naona ni hela ya kutupa. Maziwa yanapashwa nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, yanapozwa, yanafungashwa. Kuna nini cha kusanifu hapo? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Valvu Kuu
Mkuu, michoro ya bure inaishia pale mashine yake inapoishia. Muulize mvuke unatoka wapi, maji machafu yanakwenda wapi, nani kapiga hesabu ya bomba kati ya tenki na pampu. Atakujibu hiyo ni juu ya mteja.

Chukua joto peke yake. Kupasha lita 5,000 kwa saa kutoka nyuzi 4 hadi 72 kunadai karibu kilowati 380, yaani mvuke wa kilo 600 na ushee kila saa. Lakini maziwa yaliyokwisha kupashwa yakipita upande wa pili wa sahani za kibadilisha joto (mabamba ya chuma yanayotenganisha maziwa ya moto na ya baridi), yanayapasha mabichi yanayoingia. Ukirudisha asilimia 90 ya joto hilo, unabaki na kilowati 38 hivi, na mzigo wa kupoza nao unashuka. Hiyo ni mafuta ya boila ya kila siku, miaka yote ya kiwanda.

Mama Boila
Ila Mchunga usikimbilie boila ya kilo 60 za mvuke kwa saa! Kuosha mitambo kwa soda kali ya moto (kemikali ya kusafishia) nako kunakula mvuke, na mara nyingi kuosha ndiko kunakoamua ukubwa wa boila. Lazima mtu aipange siku nzima saa kwa saa aone nini kinagongana na nini.

Spana 17
Tusimtishe jamani. Kama mnanunua seti nzima kwa muuzaji mmoja, mbaneni kwenye mkataba ahakikishe lita 5,000 kwa saa, na mlipie mhandisi wa nje akague tu. Wapo wahandisi wanaojaza makabrasha ilimradi ankara inenepe.

Mchunga
Spana umenena. Mkandarasi anasema tumwage zege, mabomba yatafuata.

Valvu Kuu
Hapana! Mteremko wa sakafu, mifereji, kimo cha tenki juu ya pampu, vyote vinakaa ndani ya hilo zege. Pampu ikifyonza kwa shida, viputo vinatokea ndani yake na kuitafuna. Na fundi akikosa nafasi akaweka bomba la nusu ya kipenyo, kwa mtiririko uleule upotevu wa shinikizo unapanda karibu mara 32.

Mkongwe
Nami nawapa moja. Kwenye kibadilisha joto, maziwa yaliyopashwa yanatakiwa yawe na shinikizo kubwa kuliko mabichi, ili sahani ikitoboka, yaliyo salama yavujie kwenye mabichi, si kinyume chake. Mtu akifunga pampu yenye nguvu zaidi upande wa mabichi, kinga hiyo inaweza kupotea na mashine ikaendelea kunguruma vizuri tu.

Someni habari za kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, Juni 1974. Tangi moja la mmenyuko kati ya sita lilipata ufa, wakaliondoa na kuunga bomba la muda. Mchoro wake ulikuwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Bomba likapasuka, kiwanda kikalipuka, watu 28 walikufa. Maziwa hayalipuki, najua, lakini boila mnayo, na amonia ya kupozea huenda mkawa nayo.

Mchunga
Sawa, nimemsimamisha mkandarasi, kanuna. Sasa huyo mhandisi nimdai nini mkononi?

Mama Boila
Mchoro wa mtiririko, hesabu ya kila kilo na kila kilowati inayoingia na kutoka, mchoro wa mabomba na valvu zote, na orodha ya vifaa yenye vipimo. Mlipe kwa hatua. Hesabu ije kwanza. Akileta orodha ya vifaa bila hesabu, huyo naye anauza mashine.