Magimbi yananiwasha mikono, nifanyeje?

Wapendwa, napika futari ya kuuza hapa Ngamiani, Tanga. Nikimenya magimbi mabichi, viganja vinaniwasha hadi viwikoni, na sabuni haisaidii. Mihogo hainidhuru kabisa. Je, ni mzio?

— Dada, si lazima uwe mzio. Gimbi bichi lina fuwele za kalisiamu oksalati, mfano wa sindano ndogo mno, ndizo zinazochoma ngozi. Paka mafuta ya nazi au vaa glavu, na umenye likiwa kavu. Tafadhali usiguse macho!

— Mimi huchemsha na maganda yake, ndipo namenya. Na liive hasa, shoga, lisije likawasha koo la mteja.

— Ukivimba midomo au ukipumua kwa shida, wahi hospitali. Huo si muwasho wa kawaida.