Kuweka SID 8580 kwenye Commodore 64 ya bodi 250425

mtunza_64
Wadau, habari. Kompyuta ya zamani, Commodore 64 ya PAL (mfumo wa TV), bodi 250425, chipu ya sauti (SID) ni 6581 na iko kwenye soketi. Picha safi, sauti hakuna kabisa. Nina 8580 nzima, toleo la baadaye la SID. Naweza kuichomeka hapo moja kwa moja? Sitaki kukata wala kulehemu chochote kwenye bodi, ibaki ilivyotoka kiwandani.

fundi_ngara
Usithubutu. Mguu wa 28 kwenye bodi hiyo una volti 12, na 8580 inataka 9. Miguu inalingana, chipu inaingia vizuri, halafu inaungua.

Kabla ya yote, hakikisha 6581 imekufa kweli. Pima mguu 28 (volti 12) na 25 (volti 5), ground ni 14. Kisha andika POKE 54296,15 halafu POKE 54296,0. 6581 nzima hutoa "tak" kwenye spika. Kukiwa kimya, chukua sauti mguu wa 27 kupitia kapasita ya 10 µF, upande chanya kwenye mguu, uipeleke kwenye amplifaya ndogo. Ukiisikia "tak" hapo, SID haina neno. Angalia transista ya sauti inayofuata.

bodi_na_solda
Ikiwa imekufa, tengeneza adapta ya soketi mbili za miguu 28 zilizobebana, upana wa inchi 0.6. Miguu yote ipite moja kwa moja isipokuwa 28. Hapo volti 12 inayotoka kwenye soketi ya bodi iingie kwenye 78L09 (regyuleta ndogo ya volti 9), na volti 9 itoke kwenda 8580. Weka 0.33 µF upande wa kuingia na 0.1 µF upande wa kutoka. Angalia sana: ukiitazama 78L09 usoni palipo bapa, miguu chini, kushoto ni kutoka, katikati ground, kulia kuingia. 7809 kubwa ni kinyume chake, na hapo ndipo watu hukosea. Pima volti 9 kwenye adapta tupu kabla chipu haijaingia.

mtunza_64
Na kapasita za filta? Kwenye bodi naona 470 pF.

bodi_na_solda
8580 inataka 22 nF. Usizing'oe. Lehemu 22 nF kwenye adapta, moja kati ya miguu 1 na 2, nyingine kati ya 3 na 4. Zikiwa sambamba na zile za bodi zinajumlika kuwa 22.47 nF, tofauti isiyosikika. Luthuli Avenue (mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki, Nairobi) omba za polyesta zilizoandikwa 223.

fundi_ngara
Nyongeza mbili. Sauti zilizorekodiwa kwenye gemu za zamani zitakuwa hafifu, kwa sababu zilitegemea kasoro ya 6581 kwenye rejista ya kiwango cha sauti (volume). Rezista ya kilo-ohm 330 kati ya mguu 26 na ground huzirudisha, nayo ikae kwenye adapta hiyohiyo.

La pili, umeme. Ile pawasaplai ya zamani regyuleta yake ikifa, volti 5 hupanda na RAM (chipu za kumbukumbu) huwa ya kwanza kuondoka. Ipime mashine ikiwa imewashwa, ikizidi 5.25, zima papo hapo.

Ukiitoa 6581, inua ncha moja kidogo, kisha nyingine, kwa zamu. Ukiibenua upande mmoja, miguu ya mwisho inakunjika na ukiinyoosha inakatika. Ihifadhi kwenye povu jeusi la kuzuia umemetuli, na uandike namba ya bodi ilikotoka.