Je, sifa ni nyimbo za haraka na kuabudu ni nyimbo za polepole?

Mwanakwaya wa Usharikani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaomba tusaidiane katika jambo ambalo limenisumbua kwa muda. Katika usharika wetu kipindi cha sifa na kuabudu kina utaratibu ambao kila mmoja ameuzoea: tunaanza na mapambio ya kuchezeka, watu wanapiga makofi na vigelegele, kisha mpiga kinanda anapunguza mwendo, mwimbishaji anafumba macho na kututangazia kwamba sasa tumetoka katika sifa na tunaingia katika kuabudu. Hivi karibuni mwimbishaji aliongeza kwamba mtu ambaye hainui mikono wala haguswi hadi kutoa machozi bado hajaabudu.

Mama yangu mzazi ana umri mkubwa na maumivu ya viungo, na kwa sababu hiyo huketi kimya na kitabu chake cha nyimbo mapajani tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Maneno yale yalimwumiza. Ninaomba kujua Maandiko yanasema nini: tofauti ya kusifu na kuabudu ni ipi hasa, na je, anayekaa kimya ameabudu?

Mwinjilisti Mstaafu

Amina, mpendwa. Nianze na mama, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa. Katika 1 Samweli sura ya 1, Hana aliomba hekaluni akinena moyoni mwake, midomo ikicheza bila sauti kusikika, naye kuhani Eli alimdhania amelewa. Mtumishi mwenye uzoefu, aliyeketi mahali patakatifu, alimtazama mwabudu wa kweli na asimtambue, huku Bwana akiwa anamsikia. Tafadhali msomee mama habari hiyo.

Kuhusu tofauti, mwendo wa wimbo haumo kabisa katika Biblia kama kipimo. Kusifu ni kutangaza jinsi Mungu alivyo na aliyoyatenda. Zaburi ya 117, iliyo fupi kuliko zote, ina aya 2 tu: ya kwanza inawaita mataifa yote wamsifu Bwana, na ya pili inatoa sababu, yaani fadhili zake na uaminifu wake. Zaburi ya 136 inarudia kiitikio kile kile mara 26, lakini kila kinaporudiwa kimetanguliwa na neno jipya la kumshukuru Mungu, kuanzia uumbaji, kupita Bahari ya Shamu, hadi kuwapa chakula wote wenye mwili. Kwa hiyo kurudia si kosa, ila pambio ambalo waumini wameliimba kwa robo saa pasipo kutaja hata tendo moja la Mungu lina upungufu, hata kama watu wamechangamka.

Kuabudu kunakwenda mbali zaidi ya midomo. Ibrahimu aliwaambia vijana wake, katika Mwanzo 22:5, kwamba yeye na kijana wanakwenda kuabudu. Hakuwa na ngoma wala kinubi. Alikuwa na kuni, moto, kisu, na mwana ampendaye. Ayubu naye, baada ya kupokea habari za msiba juu ya msiba, alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini na kusujudu. Katika habari zote mbili anayeabudu anaikabidhi kwa Mungu nafsi yake pamoja na kile ambacho angependa kubaki nacho. Ndiyo maana Paulo, katika Warumi 12:1, anaita kuitoa miili yetu kuwa dhabihu iliyo hai ibada yetu yenye maana, na mwili hauishi Jumapili peke yake.

Bwana Yesu alipozungumza na mwanamke Msamaria kisimani, swali la mwanamke lilihusu mahali: mlima huu au Yerusalemu? Jibu lilikuwa kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli. Anayeweka sharti la machozi analirudisha swali lile lile kwa sura nyingine.

Mama wa Maombi

Ninaungana na mwinjilisti, nami ninaomba tusiishie kwenye mikono iliyoinuliwa au isiyoinuliwa. Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya kuinua mikono katika maombi, alitaka iwe mikono iliyotakata, pasipo hasira wala majadiliano. Nabii Amosi aliwahubiri watu waliojaa nyimbo na sadaka, na Mungu akawaambia kwa kinywa chake, “Niondolee kelele ya nyimbo zako.” Sababu imeandikwa katika kitabu hicho hicho: waliwauza wahitaji kwa jozi ya viatu, wakapunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Mimi ninauza mchele sokoni, na ninajua jinsi kopo la kupimia linavyoweza kubonyezwa kitako kwa ndani ili mteja apate pungufu bila kutambua. Mwenye kopo la namna hiyo akiongoza sifa kesho yake, hata kwa sauti nzuri kuliko wote, Amosi amekwisha kumjibu.

Wazee waliopitia Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilishika jambo hili kwa uzito. Katika mikutano yao mtu aliungama dhambi zake mbele ya wenzake, wengine wakarudisha walichoiba au kuwaomba radhi waliowakosea, ndipo kusanyiko likaimba sifa. Furaha yao ilikuwa kubwa, na ilikuwa na sababu ambayo kila aliyekuwepo aliifahamu.

Mpiga Kinanda

Shalom. Ninakubaliana na yaliyosemwa, lakini ninaomba vijana wasionekane kana kwamba muziki wenyewe ni adui. Miriamu alitwaa tari, wanawake wote wakamfuata kwa matari na kucheza, na Zaburi ya 150 inataja hata matoazi yavumayo sana. Mwili unaoruka kwa shukrani unamsifu Mungu kweli kweli. Tatizo huanza pale sisi wapigaji tunapojua ni wakati gani wa kupandisha ufunguo na kuongeza sauti ya spika ili watu walie, kisha tukaita matokeo hayo uwepo wa Mungu.

Kwetu tulikaa na mchungaji tukaifuata Zaburi ya 95 jinsi ilivyopangwa. Aya za kwanza zinaita kumfanyia Bwana shangwe, kwa hiyo tunaimba kwa nguvu zote. Aya ya 6 inaita kusujudu na kupiga magoti, basi hapo tunaacha vyombo na kufanya maungamo, na mwenye maumivu anabaki ameketi bila kuulizwa. Kisha, kwa kuwa zaburi inamalizia kwa onyo la kutofanya migumu mioyo tunapoisikia sauti yake, Neno linasomwa papo hapo pasipo matangazo katikati. Baadhi ya vijana wamelalamika kwamba kipindi kimepoa, na wengine bado wanalalamika. Mchungaji ameamua tuendelee hivyo hadi Kwaresima iishe, halafu usharika mzima usikilizwe.

Mwanakwaya wa Usharikani

Nimepokea kwa shukrani. Habari ya Hana nitamsomea mama jioni hii, na utaratibu wa Zaburi ya 95 nitaupeleka kwenye kikao cha kwaya, mwimbishaji wetu akiwepo, ili tuujadili naye uso kwa uso kwa upendo.