Koti la mvua la kubebea mzigo mlimani: la mpira, jipya jepesi au mtumba mzito?

kijana_wa_kibosho
Wakuu habari za jioni. Naanza kubeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro mwezi wa tatu, njia ya Machame, na mnajua mwezi huo masika ndiyo yanafungua. Bajeti yangu ya koti haizidi laki moja, ikipungua nitashukuru. Nimezunguka mjini Moshi nimebaki na matatu kichwani.

La kwanza ni seti ya mpira, koti na suruali, ile ya kijani ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Bei yake ndogo kuliko zote. La pili ni jipya, jepesi, linakunjika mpaka linaingia kwenye mfuko wake lenyewe, lina nembo ya kampuni kubwa ya Marekani kifuani na muuzaji anaapa ni orijino. La tatu ni mtumba pale soko la Memorial, zito, limepauka mabegani, ndani limeandikwa Gore-Tex. Nataka la kudumu, si la msimu mmoja. Nichukue lipi?

BodaMajengo
La mpira. Mada ifungwe. Mimi nashinda barabarani masika yote na maji hayapiti. Angalia tu mishono iwe imeunganishwa kwa moto, isiwe uzi mtupu, na zipu iwe na kifuniko juu yake, maana upepo unasukuma maji yanapita katikati ya meno ya zipu. Mengine yote ni kununua jina.

GaidiMlimaMkubwa
Mkuu Boda, wewe umekaa, injini ndiyo inayopanda kilima. Huyu anatoka geti la Machame, kama mita 1,800, na siku hiyohiyo anatakiwa kambini karibu mita 3,000, na kilo 20 za kampuni juu ya mwili. Ndani ya mpira jasho halina pa kutokea. Hata mvua ikikuacha, utafika shati linakamulika.

Msituni hutajali, mwili unachemka. Shida inaanza ukitua mzigo. Umesimama, unahangaika na hema, na hewa inapoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lile shati la jasho ndilo linalokupiga. Vijana niliowahi kuwashusha wanatetemeka hawakuwa wamevuja kutoka nje, walilowa kutokea ndani. Halafu mpira ukifika kwenye baridi ya kambi ya Shira huko juu unakakamaa, na unaanza kupasuka pale pale unapojikunja, kwenye kiwiko na kwapani.

Hilo jepesi usilifikirie hata kidogo. Mgumu, yaani mpagazi, habebi kibegi cha maji na kamera. Mzigo wako unakaa begani na kwenye kisogo, unasugua hapo saa nzima baada ya saa nzima. Kitambaa kile kinasagika hapohapo, na mgandamizo wa mzigo ndio unaosukuma maji yapenye. Wageni wanavaa makoti hayo na kwao ni sahihi, kwa sababu wewe ndiye unayebeba vitu vyao.

MamaBelo
Mwanangu wa Kibosho, mimi nauza mitumba, kwa hiyo usiniamini nikikwambia nunua. Niamini nikikufundisha kukagua.

Neno Gore-Tex, yaani jina la utando wa kuzuia maji uliobandikwa ndani ya kitambaa, lisikutie kiwewe. Yapo makoti yana neno hilo kifuani na yalishakufa zamani. Ligeuze ndani nje, hapo hapo mbele ya muuzaji, na usione haya. Pitisha kidole gumba ukikandamiza, mabegani na nyuma ya shingo. Ukiona vipande vyeupe vinabanduka kama ukurutu, utando umeachana na kitambaa, lirudishe. Linuse. Lenye harufu ya uchachu na ndani linanatanata ujue limeoza, lilikaa kwenye joto na unyevu. Kama lina bitana ya wavu inayoning'inia, usiishie kutazama bitana, ingiza mkono nyuma yake upapase, kwa sababu wavu unaficha mengi.

Kisha tazama utepe uliobandikwa juu ya mishono. Unaanza kunyanyuka kwenye kofia na kwapani kabla ya kwingine kokote. Koti lisilo na utepe kabisa ndani, hata liwe na nembo gani, ni la upepo, si la mvua. Nenda kaligeuze na hilo jipya lako la orijino tuone.

Mwisho omba maji. Shika kofia ya koti kama kibakuli, mimina maji, vuta pumzi chache, tazama chini. Likidondosha kwenye mshono umepata jibu. Muuzaji akikataa kumwagiwa maji koti la mvua, ondoka.

fundi_cherehani
Namuunga mkono mama. Na mimi niombe kitu: likichanika usiniletee nilishone. Zipu nitakubadilishia, lakini nikipitisha sindano begani, kila tundu ni mlango wa maji na nitakuwa nimekuharibia. Kiraka cha koti la namna hii kinabandikwa kwa gundi. Kikate pembe za mviringo, chenye kona kali kinanyanyuka upesi kikisuguliwa na mkanda wa begi.

kijana_wa_kibosho
Asanteni sana, na mama shikamoo. Nimerudi Memorial leo. Lile jepesi nimeligeuza: hakuna utepe hata mmoja, uzi mtupu. Limekufa kifo chake. Lile zito halina ukurutu, halinuki, na kofia haikudondosha. Ila nimemwaga maji begani, hayateremki kama kwenye jani la mgomba, kitambaa kinayanywa na kugeuka cheusi. Ndani pakavu. Sasa hili ni zima au bovu?

mvua_ya_Bergen
Marhaba za mama ziko njiani, mimi nijibu. Niko Bergen, Norwe, mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo mambo haya tunayajua kama nyinyi mnavyojua vumbi.

Koti hilo ni zima. Kuna vitu viwili hapo watu huvichanganya. Kinachozuia maji ni utando wa ndani, wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Kitambaa cha nje kimepakwa dawa ya kufanya matone yateleze, na dawa hiyo ndiyo inayokwisha kwa msuguano, uchafu na jasho. Ikiisha, kitambaa cha nje kinakunywa maji, koti linakuwa zito na baridi, na mvuke wa jasho unakosa njia. Mtu anahisi unyevu ndani anasema linavuja, kumbe ni jasho lake.

Lioshe kwa sabuni ya maji, si ya unga, usitie dawa ya kulainisha nguo, na suuza mara mbili. Likikauka lipige pasi ya moto mdogo bila mvuke, na weka taulo katikati ya pasi na koti. Joto linaamsha dawa iliyobaki. Kama hakuna kilichobaki, zipo dawa za kupuliza au kuoshea, Nikwax ni mojawapo, lakini anza na sabuni na pasi kwanza kwa sababu ni bure. Ukipata koti la miaka ya karibuni kabisa, ujue mengi yanatumia dawa mpya isiyo na florini. Maji yanateleza vizuri, mafuta ya ngozi yanaishinda, kwa hiyo yanahitaji kuoshwa mara nyingi zaidi.

Mpira nao msiudharau. Watoto wa chekechea hapa wanacheza nje mvua ikinyesha, wamevaa nguo za kitambaa kilichopakwa mpira. Mtu wa kukaa kwenye matope au kusimama mahali pamoja, utando wa bei ghali haumsaidii kitu.

GaidiMlimaMkubwa
Umeongea. Ila dogo, hiyo pasi isiwe ya mkaa. Haina kipimo cha moto, ukiteleza kidogo umechoma utando. Tafuta ya umeme.

Naro_Moru
Wasee, mbona hakuna mtu ametaja poncho? Mimi niko upande wa Nanyuki, napeleka watu Mlima Kenya kupitia Naro Moru, ile njia ya matope isiyoisha. Poncho inafunika wewe na begi pamoja, hewa inapita chini, hutoki jasho sana, na bei ni ndogo.

GaidiMlimaMkubwa
Msituni sikatai, nimeona wagumu wengi nazo na zinafaa. Ukitoka kwenye miti upepo unaipeperusha inakufunika uso. Na Machame ina ukuta wa Barranco, pale unapanda kwa mikono. Poncho ikining'inia mbele huoni unapokanyaga, na una mzigo. Iwe ya ziada, isiwe ndiyo koti lako.

mvua_ya_Bergen
Kitu kimoja nilisahau na pengine ndicho cha maana zaidi kwa bajeti hiyo. Kwenye mitumba kila mtu anakimbilia makoti ya kupanda milima. Nyinyi tafuteni makoti ya kazi, ya mafundi wa barabara na reli wa Ulaya, yale ya njano au chungwa yenye mistari ya kung'aa. Yameshonwa kwa ajili ya mtu anayebeba mbao na vyuma siku nzima, begani ni mazito. Ndani tafuta lebo yenye picha ya mwavuli imeandikwa EN 343, ndicho kiwango cha Ulaya cha nguo za mvua. Namba ya kwanza ni uwezo wa kuzuia maji, ya pili ni uwezo wa kutoa mvuke. Kwenye lebo za zamani kiwango cha juu ni 3, toleo la 2019 linafika 4. Lenye 3 na 3 chukua bila kuuliza mara mbili. Lenye 3 na 1 linazuia maji vizuri lakini kwa jasho halipishani sana na la mpira wa Boda.

MamaBelo
Hayo yapo tele, na tunayauza chini kwa sababu vijana wanaona aibu kuonekana kama wazoa taka. Mazito lakini, mwanangu, na yakilowa yanachelewa kukauka.

Naro_Moru
Kwa uzito ningebaki na lile la Memorial. Koti la barabarani ukilibeba kwenye begi siku ya jua utalichukia.

GaidiMlimaMkubwa
Nami ningebaki nalo. Lijaribu ukiwa umevaa sweta nzito ndani, inua mikono yote kama unapandisha mzigo kichwani. Mikono ya koti ikipanda juu ya vifundo au kiuno kikibaki wazi, ni dogo. Na kabla hujamaliza pesa yote, pita KPAP hapo Moshi, shirika la kusaidia wapagazi, wanawaazimisha nguo za mlimani bila malipo. Suruali ya mvua na glavu unaweza kuazima, hela ikabaki kwa ajili ya viatu.

kijana_wa_kibosho
Nimelijaribu na sweta ya baba, mikono inafika. Muuzaji ameanza na elfu sabini, nikamwonyesha bega lililopauka na linavyokunywa maji, tumeishia hamsini na tano. Sabuni ya maji ninayo. Pasi ya umeme nitaomba kwa jirani.

BodaMajengo
Hongera dogo. Mama, hilo la chungwa lenye mistari likiingia saizi ya XL, la 3 na 3, niwekee pembeni. Usimwambie mtu kijiweni.