Autolib' ilianguka kwa sababu ya umeme au kwa sababu ya mkataba?

Mkazi wa Kitongojini: Ndugu zangu, salaam. Manispaa ninayoishi, nje kidogo ya Paris, inakusudia kutenga maegesho ya barabarani kwa magari ya umeme yanayokodishwa kwa saa, ili familia zenye magari mawili zibaki na moja. Wazee wa mtaa wanapinga, wakisema kwamba Autolib', huduma ya zamani ya kukodisha magari ya umeme Paris na vitongoji vyake, ilianza kwa mbwembwe hizohizo ikaishia kwenye deni. Ni nini hasa kiliiangusha?

Abiria wa Zamani: Ndugu Mkazi, wazee wako wana haki ya kuogopa, ila wanausingizia umeme. Autolib' ilianza Desemba 2011, ikafikisha magari yapatayo 4,000 na wanachama zaidi ya 100,000. Mwanachama aligusisha kadi yake, akachomoa waya kwenye gari dogo la kijivu lililokuwa likichaji kando ya njia, akaondoka nalo na kuliacha kituo kingine chochote. Urahisi huo ulikuwa ghali, kwani ilibidi watu waajiriwe kuyahamisha magari kutoka vituo vilivyofurika kwenda vilivyobaki vitupu. Lakini kiini ni mkataba: kampuni ya Bolloré, iliyoiendesha huduma hiyo, ingebeba hasara isiyozidi euro milioni 60, na inayozidi hapo ingekuwa mzigo wa manispaa wanachama. Mwaka 2018, kampuni ilipokadiria kwamba hasara ingefikia takriban milioni 294 ifikapo 2023, manispaa zilidaiwa kama milioni 234. Zikauvunja mkataba, na huduma ikafungwa mwishoni mwa Julai.

Mpanga Miji: Naongezea mfano wa Bremen, Ujerumani, ambayo haikuanza na umeme bali na watu kushirikiana magari. Tangu 2003 mji huo hutenga vituo barabarani na kuziachia kampuni biashara yenyewe, faida na hasara. Kwa kawaida gari hurudishwa palepale lilipochukuliwa. Tangu 2013 vipo pia vituo vidogo vya magari mawili matatu katika mitaa myembamba, vilivyochorwa ili pembe za njia zibaki wazi na gari la zimamoto liweze kukata kona. Nadhani hilo ndilo lililowatuliza majirani kuliko hoja zote za hewa safi.

Mkazi wa Kitongojini: Ahsanteni. Nimelisoma upya pendekezo letu: gari litarudishwa kituoni kwake, lakini kuhusu atakayebeba hasara hakuna hata sentensi moja. Nitauliza kikaoni Alhamisi.