Mwanangu wa miaka minane ameandikiwa dawa za ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini). Nimpe au nisubiri?

Mama Twalib, Busia
Salamu zenu ndugu. Naandika usiku kwa sababu mchana haiwezekani, nauza vitenge na huyu mtoto hatulii. Ana miaka minane, yuko P3, darasa la tatu. Tangu chekechea naitwa shuleni. Kalamu tatu zinapotea kwa wiki. Anajibu kabla swali halijaisha. Juzi alikatisha barabara ya malori yanayoelekea mpakani akikimbilia tairi la mwenzake, mpaka leo nikikumbuka magoti yanalegea. Na si kwamba hana akili, chenji dukani ananishinda mimi. Ila mwambie aandike sentensi tano, utapata moja na nusu.

Mwezi uliopita tulimwona daktari wa akili za watoto Kampala. Mimi na mwalimu wake tulijaza fomu za maswali, daktari akasema ni ADHD, akaandika methilifenideti miligramu 5 asubuhi na 5 mchana. Baba yake amekataa: "Mwanangu si kichaa." Jaja yake anasema ni mapepo, asomewe. Vidonge viko kabatini wiki ya pili. Kumpa naogopa, kutompa naogopa. Waliopitia haya wanisaidie.

Mzee wa Bombo
Sisi tulikuwa watundu kuliko huyo. Dawa yetu ilikuwa kiboko na tukanyooka. Siku hizi kila mtoto ana ugonjwa wa herufi nne.

Ticha Tororo
Shikamoo mzee wetu. Hapo sikuungi mkono, na sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 nayo haikuungi, viboko shuleni vimekatazwa. Nafundisha watoto zaidi ya tisini chumba kimoja. Wa aina hii nimewachapa sana zamani, nakiri. Analia, dakika tano baadaye yuko juu ya dawati tena. Hakuwa amekaidi, alikuwa amesahau.

Mama Twalib, muombe mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha. Sentensi tano azigawe: mbili, aje aoneshe, kisha tatu. Na atumwe kufuta ubao, mwili upate kazi. Hayo hayana gharama, na hata akianza dawa bado atayahitaji.

Nalongo wa Kisenyi
Mimi nilimpa wangu, nikaacha. Mtoto akawa kimya kama mgeni, chakula hataki, usiku macho yako wazi hadi saa sita. Halafu dawa yenyewe kuipata! Nilipanda taksi nikazunguka maduka matatu ya dawa, moja tu lilikuwa nayo, na bei ilinirudisha nyumbani nikiwa sina hata ya boda. Fikiri kwanza kama utaweza kuinunua kila mwezi.

Nesi wa Arua
Nalongo pole. Mtoto akizubaa hivyo, mara nyingi dozi imezidi. Ilitakiwa urudi kwa daktari aipunguze au abadilishe. Usingizi nao huharibika kidonge cha pili kikichelewa kumezwa.

Dawa hii ni kichocheo, na watu wanauliza inakuwaje kichocheo kimtulize mtoto anayeruka. Mchukulie askari wa geti aliyesinzia: kila anayepita anaingia, pikipiki, mbuzi, kelele za jirani. Ukimpa askari chai ya rangi, anaamka na kuanza kuchagua nani apite. Dawa hii huongeza dopamini na noradrenalini kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu "ngoja". Si ya kulaza. Ile ya kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa nne hivi. Ikiwa inafanya kazi hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo mpe uji na rolex (chapati ya mayai) kabla ya kidonge, na jioni hamu ikirudi mjazie sahani. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha vipimwe mara kwa mara, maana baadhi ya watoto hupunguza kasi ya kukua.

Ila usitarajie muujiza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1999, watoto 579, ulionesha kwamba baada ya miezi 14 dawa iliyosimamiwa vizuri ilituliza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Waliopata vyote viwili walitosheka na dozi ndogo. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti baina ya makundi ilikuwa imefifia. Na kwa mtoto chini ya miaka sita, huanzwa na mafunzo ya wazazi. Wako amevuka hapo.

Sasa nina swali, na hili ndilo muhimu kwangu: amewahi kupata malaria kali, ya degedege? Anasikia vizuri? Anakoroma? Hapa kwetu malaria ya kichwani humwacha mtoto na vurugu zinazofanana kabisa na hizi.

Baba Wawili
Wangu yuko mwaka wa pili kwenye dawa. Hakugeuka malaika, chumba chake bado ni soko la Owino. Lakini sasa akianza jambo analimaliza, na wenzake wameanza kumwita acheze, kitu ambacho hakikuwepo. Mimi pia nilikataa mwanzoni. Kaka, kama unasoma simu ya mkeo, nenda ukamuulize daktari mwenyewe. Mimi nilikuwa nakataa kitu nilichosimuliwa.

Mzee wa Bombo
Nimesoma ya nesi. Marehemu mdogo wangu aliugua degedege akiwa mdogo, hakutulia tena maisha yake yote. Tulimpiga sana.

Mama Twalib, Busia
Mzee wetu, Mungu amrehemu.

Nesi, umenishtua. Alipata degedege akiwa na miaka mitatu, alilazwa siku sita, na kwa daktari sikulitaja kwa sababu fomu zilikuwa za tabia tu. Leo nimempigia. Amesema vidonge vikae kabatini kwanza, nimrudishe Alhamisi amuulize vizuri habari za kifafa, na masikio yapimwe siku hiyohiyo. Hakusema ADHD haipo.

Baba Twalib amesoma kweli, hakusema kitu, ila ameuliza taksi ya kwanza inaondoka saa ngapi. Jaja naye amesema anakuja. Bado natafuta wa kukaa dukani.