Besi yangu ya Jazz inavuma, kanisani ndiyo balaa: nibadili pikapu?

Mpiga_Nyuzi4

Wakuu, naomba msaada kabla sijatoa pesa. Nina besi ya nyuzi nne, kopi ya Jazz Bass, pasivu (haina betri): volumu mbili, toni moja, pikapu mbili (vihisi vya sumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja. Dalili zake:

Nyumbani, kwenye amplifaya ndogo ya wati 30, inavuma. Volumu zote mbili zikiwa mwisho mvumo unapungua sana, nikishusha mojawapo unarudi. Nikigusa nyuzi unapungua pia.

Kanisani hakuna amplifaya ya besi. Kebo yangu ya mita 6 inachomekwa kwenye nyoka (kebo nene yenye laini nyingi ndani) ya mita 25 inayokwenda mikisani, nyuma ya ukumbi. Huko kelele ni kali, ya kukwaruza, na haiishi hata nikifunga volumu zote. Sauti nayo inakuwa butu, kama imefunikwa blanketi. Maiki ya kwaya iko kwenye amplifaya nyingine kabisa, na mdomo ukiigusa huku nimeshika nyuzi, napigwa shoti ndogo.

Mwisho, volumu ya pikapu ya nyuma inakwaruza nikiizungusha.

Nimeambiwa dawa ni pikapu mpya. Bajeti yangu haizidi laki moja na nusu. Nianzie wapi?

Sebene_Kali

Pikapu achana nazo mkuu, hapo ni ethi tu. Chomoa pini ya ethi kwenye plagi ya mikisa, kelele inakata. Ikibaki kidogo nunua geti la kelele (kifaa kinachokata sauti usipopiga), maisha yaendelee.

UmemeSafi

Mtoa mada, huo ushauri wa juu usiufuate. Ndugu yangu Sebene, unajua nyuzi za besi zimeungana na nini? Nyuzi zinagusa briji (chuma kinachozishika upande wa chini), briji ina waya unaokwenda kwenye ganda la jeki, na ganda la jeki linafika kwenye bodi ya mikisa kupitia kebo. Yaani mikono ya mpiga besi iko juu ya bodi ya mikisa muda wote anaopiga. Siku waya wa moto ukigusa bodi, ethi ndiyo inayoubeba umeme ule hadi fyuzi ikatike. Ukiiondoa, njia inayobaki ni mkono, kifua na mdomo.

Hiyo shoti ndogo inakuambia kwamba mikisa na amplifaya ya kwaya haziko kwenye ethi moja. Angalau kimoja hakina ethi kabisa. Mara nyingi sababu ni pawasaplai ya kisasa: ndani yake kuna kapasita zinazounganisha njia za umeme na bodi, kwa hiyo bodi isiyo na ethi huelea kwenye karibu nusu ya volteji ya ukutani. Mkondo wake ni mdogo, unawasha tu. Lakini ukiwa jukwaani huwezi kutofautisha mkondo huo na hitilafu halisi inayoanza, kwa hiyo usiendelee kupiga hapo mpaka paangaliwe.

Anza na macho. Kagua plagi ya kila kifaa. Soketi zetu ni za matundu matatu bapa, ila vifaa vingi vinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo, na mtu anachokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili ziingie. Ethi ya plagi zile iko kwenye vibati vya pembeni, ambavyo hapo havigusi chochote. Kifaa kinawaka vizuri na ethi hakina. Dawa ni kufunga plagi ya pini tatu kwenye waya wenye nyaya tatu: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kifaa cha hadi wati 700 hivi.

Kisha fundi umeme apime soketi zenyewe: moto kwa nyutro karibu volti 230, moto kwa ethi vilevile, nyutro kwa ethi sifuri au volti chache tu. Ekstensheni nazo zipimwe, kuna nyingi zenye matundu matatu na waya wa nyaya mbili ndani.

FundiRisasi

Umeme ameumaliza UmemeSafi. Mimi nizungumzie besi yenyewe, kwa sababu hapa kuna matatizo matatu yamepangwa foleni na kila moja lina dawa yake.

Mvumo wa nyumbani ni tabia ya pikapu za koili moja, haujaharibika kitu. Pikapu mbili za Jazz zimesukwa kwa mwelekeo tofauti na sumaku zake zimepinduliwa, ili zikiwa wazi sawasawa mvumo wa moja ufute wa nyingine. Ndiyo maana volumu zote zikiwa mwisho unatulia. Kushusha moja kidogo tu kunavunja mizani. Hiyo dalili uliyoiandika ndiyo ushahidi kwamba pikapu zako ni nzima na zimeungwa sahihi.

Kugusa nyuzi kupunguza kelele nako ni kuzuri: waya wa briji uko hai. Ingekuwa kinyume, kelele ikizidi ukigusa, ningesema waya umekatika chini ya briji au nyaya za jeki zimegeuzwa. Hakiki kwa multimita ukiwa umechomoa kila kitu: briji hadi ganda la jeki isome chini ya ohmu 2.

Pima na pikapu bila kufungua skrubu hata moja. Chomeka kebo kwenye besi, weka probu kwenye ncha na ganda la upande wa pili. Volumu moja wazi, nyingine imefungwa: utapata kiloohmu 6 hadi 9. Geuza, upime ya pili. Zote wazi: karibu nusu ya hapo. Ukiona kiloohmu 120 na kitu, koili imekatika au lehemu imeachia.

Poti (kile kipande cha volumu kilicho chini ya nobu) inayokwaruza: dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, iingie kwenye upenyo ulio juu ya miguu mitatu ya poti, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini, thelathini. Mafuta ya kulainisha bawaba usitumie, yanabaki na kukusanya vumbi. Isipopona, badili poti: kiloohmu 250, aina ya A. Na pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 au zaidi; ya 25 haipashi mgongo wa poti, utaishia kuunguza nyaya huku risasi haijashika. Kwaruza mgongo kwa msasa kwanza.

Hiyo kelele ya kanisani isiyoisha na volumu zimefungwa haitoki kwenye besi. Volumu ikiwa sifuri besi iko nje ya mchezo. Tafuta kwenye kebo na mikisa.

Dada_Freti

Fundi, nakubaliana na yote isipokuwa hiyo aya ya mwisho. Kwenye Precision (aina nyingine ya besi, yenye volumu moja) ni kweli, kwenye Jazz si kweli. Jazz ina volumu mbili zinazojitegemea, kwa hiyo pikapu imeungwa kwenye mguu wa kati wa poti na jeki imeungwa kwenye mguu wa pembeni. Ukifunga volumu, unayoizima kwa kuiunga na ganda ni pikapu. Jeki inabaki ikiona poti mbili za kiloohmu 250, yaani kiloohmu 125 hadi kwenye ganda. Hapo nyaya za ndani na kebo nzima bado ni antena. Volumu sifuri haiwezi kuhukumu kitu kwenye besi hii.

Kipimo cha haki ni jeki iliyofungwa. Chukua jeki ya bei rahisi, lehemu waya mfupi kati ya ncha na ganda, na uichomeke mahali pa besi kwa kutumia kiunganishi cha kike kwa kike. Volumu ya mikisa ishushwe kabla ya kuchomeka na kuchomoa. Kukiwa kimya, mikisa na kebo ni safi, na kelele inaingia kwa sababu besi ina ukinzani mkubwa. Kukiendelea kuvuma, toa nyoka, chomeka kebo moja kwa moja mikisani na urudie. Kwa hatua mbili unajua iko wapi.

Ila kwa namna mlivyounganisha, nina hakika nusu ya lawama ni ya nyoka. Besi pasivu haikuundwa kusukuma mita 31 za waya. Kebo ya gitaa ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 6 hazidhuru, mita 31 zinazidi nanofaradi 3 na zinakula sauti za juu. Halafu ingizo la laini la mikisa huwa na kiloohmu 10 hadi 20, wakati pikapu hizi zinataka megaohmu 1. Huo ndio ubutu unaousikia. Pikapu mpya zingekuwa butu vilevile.

Kinachotakiwa ni boksi la DI (linalogeuza signali ya besi iwe laini inayofaa mikisa) jukwaani, kando yako. Chagua aktivu, lenye ingizo la megaohmu 1, linalokula betri au volti 48 za fantomu kutoka mikisani. La pasivu lenye transfoma linafaa zaidi kinanda. Kwa besi isiyo na betri linakaba kidogo. Kutoka kwenye DI laini inakuwa ya nyaya mbili zenye kinga na ukinzani mdogo, hata mita 50 haisumbui. Ile swichi iliyoandikwa LIFT inakata ganda la kebo ya signali peke yake na haihusiani na ethi ya plagi, hiyo unaruhusiwa kuichezea. Itakufaa siku mkiweka amplifaya ya besi jukwaani pamoja na DI, maana ndipo mzunguko wa ethi unapozaliwa. Leo besi yako haina njia ya pili ya ethi, kwa hiyo mzunguko huna.

Sebene, geti halifai hapa. Linafunguka kila unapopiga noti na mvumo unaingia nao, kisha linakata mkia wa noti ndefu. Kukata 50 Hz kwenye ikwalaiza ni kibaya zaidi: G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni 49 Hz. Utajikuta na besi yenye noti moja iliyotoboka.

Sebene_Kali

Nimeelewa, ya pini nafuta kauli. Ila rangi ya sauti ya pikapu za koili moja kwenye rumba usimwambie mtu abadilishe.

Mpiga_Nyuzi4

Nimerudi. Plagi ya mikisa ni kweli ilikuwa ya pini mbili imelazimishwa. Fundi umeme ameweka ya pini tatu na kupima soketi. Shoti imekwisha na ile kelele ya kukwaruza imeshuka zaidi ya nusu. Jeki iliyofungwa mwisho wa nyoka: kimya. Pikapu zinasoma 7.3 na 7.6. DI aktivu nimeazimwa, sauti imefunguka kabisa. Kinachobaki ni mnong'ono wa kukwaruza taa za tyubu zikiwaka. Foili ya jikoni inafaa kuweka ndani ya besi?

FundiRisasi

Dada Freti, kwenye Jazz umenisahihisha, sawa.

Mtoa mada, kwa kelele ya taa kinga inasaidia. Kwa mvumo mzito wa transfoma haisaidii, huo unatulia ukigeuka robo mzunguko au ukisogea mbali na amplifaya. Watu wanapaka nusu ya besi shaba kisha wanalalamika kwa sababu hawakutofautisha hizo mbili.

Foili ya jikoni inakinga, tatizo ni kuiunga: gundi haipitishi umeme kati ya kipande na kipande, na alumini haishiki risasi. Kama ndiyo uliyonayo, tumia kipande kimoja kikubwa kwa kila shimo na uibane kwa skrubu yenye kibati cha waya. Tepu ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme ni rahisi zaidi. Piga picha ya nyaya kwanza. Funika sakafu na kuta za mashimo yote matatu, vipande vipandane milimita 5, na tepu ipande hadi juu ya mdomo wa shimo ili iguse bati la nobu. Bati hilo ni la chuma na tayari liko kwenye ganda, kwa hiyo shimo la nobu linajiunga lenyewe. Mashimo ya pikapu yanahitaji waya mmoja kila moja hadi mgongo wa poti. Pima pembe ya mbali ya kila shimo hadi briji: isizidi ohmu 1 au 2.

Mguu wa moto wa jeki uvalishe tepu ya plastiki. Ukisukuma jeki ndani, mguu huo huwa unainama na kugusa shaba, besi inakufa kimya kabisa, na mtu anaanza kushuku pikapu upya. Angalia pia vituo vya lehemu chini ya pikapu, navyo visiguse.

Dada_Freti

Akimaliza hapo pesa iende kwenye DI yake mwenyewe, ile ya kuazima itadaiwa. Na kebo ya mita 6 izungushe kwenye jeki huku mwenzio anasikiliza. Ikikatakata, ni ncha imelegea au ule ulimi wa ndani ya jeki umetanuka. Ukunje kidogo kuelekea katikati kwa koleo.